Namba 110 na 25 zimetoka wapi? Kuunda oksimita huku tukiihoji

Kile kifaa kidogo kinachobana kidole hospitalini na kuonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu kinaitwa oksimita. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na katika warsha ninazoendesha kwa wanafunzi wa vyuo, hicho ndicho ninachopenda tukiunde wenyewe. Tunachokiunda hakiendi wodini. Nataka tu mwanafunzi akishaunganisha waya kwa mikono yake, awe na uwezo wa kuuliza nani aliamua kifaa kifanye kazi hivyo, na kwa ajili ya nani.

Ufundishaji wa namna hii ulipewa jina la “critical making”, yaani kuunda huku ukihoji, na Matt Ratto wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada: watu wanaunda kitu pamoja, na mazungumzo yanayozuka pale mezani yanapewa uzito kuliko kitu chenyewe. Naukubali kabisa mtazamo huo, kwa sababu kuna maswali ambayo darasani, kwa chaki na ubao, hayaji.

Mahitaji ni machache: bodi ya Arduino (kompyuta ndogo unayoweza kuipangia kazi), kipokea mwanga, na taa mbili ndogo, nyekundu ya nanomita 660 na ya infraredi ya nanomita 940. Ya infraredi unaweza kuing'oa kwenye rimoti mbovu ya televisheni. Kwa macho huioni ikiwaka, lakini ukiielekezea kamera ya simu, mara nyingi utaona nukta ya zambarau.

Damu yenye oksijeni hunyonya zaidi infraredi. Iliyopungukiwa hunyonya zaidi mwanga mwekundu. Moyo ukipiga, mishipa ya kidoleni inajaa kidogo, mwanga unaopenya unapungua, na kwenye skrini yanatokea mawimbi. Kwa kila taa, programu inachukua sehemu inayopanda na kushuka, inaigawa kwa ile isiyobadilika, kisha inalinganisha taa zote mbili. Jibu tunaliita R. Halafu unakuja mstari huu wa kupata SpO2, yaani ile asilimia ya oksijeni, unaonakiliwa kila mahali:

SpO2 = 110 − 25 × R

Hapo ndipo ninapowasimamisha. Namba 110 na 25 zimetoka wapi? Wanazitafuta kwenye fizikia ya mwanga, hazimo. Zimetoka kwa watu. Ili kupata namba za aina hiyo, watu wazima wenye afya waliojitolea hupumulishwa hewa yenye oksijeni pungufu, damu ya ateri inachukuliwa na kupimwa maabara, majibu yanalinganishwa na R. Kila mtengenezaji ana jedwali lake. Mwanafunzi akishalijua hilo, swali linalofuata haliulizwi na mwalimu: ni watu gani hao?

Kinadharia, rangi ya ngozi isingepaswa kuwa na athari, maana melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, haipandi na kushuka na mapigo, na ule mgawanyo ungeifuta. Lakini taa haitoi rangi moja tupu, melanini inachuja mawimbi mafupi zaidi ya marefu, na mwanga unaofika kwenye kipokezi unapungua. Tatizo lilishaandikwa na madaktari mwaka 1990. Mwaka 2020, katikati ya korona, utafiti wa Michigan, Marekani, ulichunguza vipimo ambavyo oksimita ilionyesha asilimia 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, katika asilimia 11.7 ya vipimo hivyo, oksijeni halisi ya damu ya ateri ilikuwa chini ya asilimia 88. Kwa weupe, asilimia 3.6. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kusema mgonjwa hana shida wakati anahitaji oksijeni.

Mezani kwetu hatuwezi kuuthibitisha upendeleo huo, kwa kuwa hatupimi damu ya ateri, na sitaki mwanafunzi atoke akidhani ameuthibitisha. Anachokiona kwa macho yake ni mawimbi kufifia pale ngozi inapokuwa nyeusi zaidi, au kidole kikiwa na piko. Maelekezo niliyoyasoma yanaonya kuhusu rangi ya kucha; piko la bi harusi sijalikuta limetajwa.

Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inayosimamia pia vifaa tiba, ulitaka jaribio liwe na watu wasiopungua 10, na wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2 au asilimia 15, kutegemea ipi ni kubwa. Watu wawili! Rasimu ya Januari 2025 inapendekeza watu 150 au zaidi. Ni hatua nzuri, ila hospitali zetu bado zina vifaa vilivyopimwa kwa kipimo cha zamani.

Kwa hiyo kila ninapoombwa kusaidia kuandika masharti ya ununuzi, naongeza sharti moja: muuzaji alete ripoti ya jaribio, ionyeshe walikuwa watu wangapi, wa rangi gani ya ngozi, na kosa la kifaa kwa kila kundi ni kiasi gani. Wanafunzi wangu sasa wanaliandika hata bila kukumbushwa.