Mali ya umma si mali ya serikali, na serikali si "siri kali"

Juzi nilihudhuria uzinduzi wa kisima cha kijiji. Mshereheshaji akashika kipaza sauti na kututaka tupige makofi "kuishukuru serikali kwa kutupa fedha zake". Tukapiga. Mzee aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza kwamba fedha hizo zimetoka wapi hatutajua, maana serikali ni siri kali. Akacheka, nami nikacheka kwa adabu. Lakini haya mawili nimeyasikia mara nyingi mno, na naona ni kosa moja lenye vichwa viwili.

Maana yenyewe ni fupi. Mali ya umma ni mali inayomilikiwa na wananchi wote kwa pamoja: barabara, zahanati, madawati, misitu ya hifadhi, pamoja na fedha za kodi. Serikali huisimamia kwa niaba yao. Basi.

Sasa tuje kwenye neno. "Serikali" halikutokana na siri, wala na ukali. Asili yake ni Kiajemi: sar ni kichwa, kār ni kazi au shughuli. Sarkār ni mkuu wa shughuli, yule anayesimama mbele kuziendesha. Neno lilisafiri na biashara ya Bahari ya Hindi, na Wahindi hadi leo huita serikali yao sarkar. Wenzake wa Kiajemi tunao: bandari ni mmojawapo. "Siri" ni Kiarabu, "-kali" ni yetu wenyewe ya Kibantu, na hawa wawili hawakuwahi kuoana isipokuwa kwenye utani wa barazani. Utani si mbaya. Ubaya ni pale mtu anapouamini, akaona kufichwa hesabu ndiyo tabia ya serikali tangu kuzaliwa kwake, na kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza.

"Umma" ni Kiarabu: watu wengi walio kitu kimoja, jamii, taifa. Mwanasiasa Abdulrahman Mohamed Babu na wenzake walipojitenga na chama cha ZNP na kuunda chama chao Zanzibar mwaka 1963 wakakiita Umma, walijua wanachokisema. Liandikwe kwa m mbili, tafadhali. "Mali ya uma", ninayoiona hata kwenye runinga, ni mali ya kijiko na mwenzake.

Nadhani najua mchanganyiko ulipoanzia. Mjerumani alipotoza kodi ya kibanda, na Mwingereza alipofuata na kodi zake, mali ya serikali ilikuwa kweli ya serikali. Mwananchi hakuwa na kauli juu yake, alitoa, wakatumia. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, msemo ukabaki. Katiba, hata hivyo, haikubaki pale. Ya Tanzania ya 1977, ibara ya 8, inasema serikali hupata mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Ya Kenya ya 2010, ibara ya 201, inataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha, ambazo sura nzima inaziita fedha za umma.

Kinachonikera zaidi ni kichwa cha habari kinachorudi kila ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotoka: "Serikali yapata hasara ya mabilioni." Serikali haipati hasara, ndugu zangu. Msimamizi wa shamba akiuza mahindi kwa bei ya kutupa, hasara ni ya mwenye shamba. Aliyenunua sabuni na kulipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida Tanzania Bara, 16 Kenya, ndiye aliyepoteza. Ukiandika kwamba serikali ndiyo iliyoibiwa, umemgeuza msimamizi kuwa mlalamikaji, na mwenye mali kuwa mtazamaji. Hapo ndipo shamba linapogeuka la bibi.

Kutoka hapo hadi kuidhuru demokrasia ni hatua moja tu. Kama fedha ni zao, anayeuliza zilivyotumika ni mpinzani, mchochezi, asiye na shukrani. Kama ni zetu, ni mtu anayekagua chake. Vijana wa Kenya waliojaa barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha hawakuwa wakiomba zawadi; walikuwa wakibishania mifuko yao wenyewe, na Rais akakataa kuutia saini siku moja baada ya bunge kuvamiwa. Kadhalika zahanati ikijengwa, si kwamba serikali imetoa. Umma umewekeza, na mwekezaji huuliza habari za mtaji wake: dawa zipo? Muuguzi yupo?

Sina ugomvi na yule mshereheshaji. Makofi yapigwe, waliochimba na waliosimamia wamefanya kazi. Ila mara nyingine aseme tu, "Wananchi, kisima chenu ni hiki," kisha amwite mtendaji atusomee mapato na matumizi, kama anavyopaswa kufanya kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Na yule mzee wangu nitamwomba akae mbele, asikie vizuri.