Mawe ya Amboni hayakuwa hivyo tangu mwanzo

Wengi Tanga huamini kwamba jiwe ni kitu kilichoumbwa mara moja na kubaki vilevile, na kwamba mawe yote ni yaleyale isipokuwa rangi tu. Ni rahisi kuelewa kwa nini: hakuna anayeishi muda wa kutosha kuliona jiwe likigeuka.

Lakini mwamba wa mapango ya Amboni ulianza kama matope ya chokaa na mabaki ya viumbe chini ya bahari, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Yalirundikana, yakagandamizwa, yakawa mawe. Baadaye maji ya mvua yenye tindikali kidogo yakapenya kwenye nyufa na kuyayeyusha polepole. Ndiyo yaliyochimba mapango. Maji hayohayo yakidondoka kutoka darini huacha chokaa, tone baada ya tone, na kuotesha zile nguzo zinazoning'inia. Kwa hiyo wapo wanaosema mawe huota, na hawajakosea sana, ila hayaoti kama mhogo.

Milima ya Usambara ni habari nyingine. Kule miamba mingi ni miamba geu: ilizama ndani sana ya ardhi, ikapikwa kwa joto na mgandamizo bila kuyeyuka yote. Tazama jiwe lililopasuliwa barabarani kuelekea Amani, utaona mistari ya weusi na weupe.

Ukitaka kuhakikisha, kwangua kipande cha jiwe la kawaida (si la pangoni, tafadhali) na udondoshee siki kwenye unga wake. Chokaa hutoa povu, jiwe la Usambara kwa kawaida hukaa kimya.