Jaji mwanamke hakai kitini kwa niaba ya upande mmoja

Wadaawa, yaani wenye shauri mahakamani, wanaotaka shauri lao "lipangwe kwa jaji mama" wanazidi kuongezeka Mbeya na Iringa, hasa kwenye talaka na mirathi. Wapo pia wanaume wanaomkwepa. Ieleweke mapema: mdaawa hachagui jaji. Jaji anaweza kuombwa ajitoe kwa sababu zinazothibitika, kama uhasama na mdaawa, uhusiano wa karibu na mmoja wao, au maslahi binafsi katika shauri. Jinsia haimo. Mahakama ya Rufani ndiyo kabisa, kwa kuwa rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu na uamuzi ni wa walio wengi.

Dhana kwamba jaji mwanamke atampendelea mwanamke mwenzake inawavunjia heshima waliotangulia. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu nchini, miaka ya 1970, hakupewa kiti ili awapendelee wanawake. Wala Eusebia Munuo, Natalia Kimaro na Engera Kileo hawakufika Mahakama ya Rufani kwa kazi hiyo. Chama cha Majaji na Mahakimu Wanawake, TAWJA, kilichoanzishwa mwaka 2000, kimewekeza kwenye mafunzo na kwenye kuitaja hadharani rushwa ya ngono, jambo ambalo awali lilisemwa kwa kunong'ona.

Rushwa hiyo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote ya mtu hutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Usifute ujumbe wa simu, na usijifanye umekubali ili umnase mwenyewe. Piga 113 kwanza, TAKUKURU wapange mtego. Wengi huja wamekwishafuta kila kitu kwa aibu, na hapo ushahidi unakuwa mgumu.

Turudi kwenye talaka, hasa mgawo wa mali za ndoa. Uamuzi unaotajwa kila siku, wa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu wa mwaka 1983, uliandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, mwanamume. Ndio uliokubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mumewe alikwishampa fedha za kuendeleza familia naye akazifuja. Kiasi cha mgawo hufuata ushahidi, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa.

Kwa hiyo mama wa Mbozi mwenye kahawa, au wa Rungwe mwenye chai, aje na ushahidi. Stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mara nyingi zina jina la mume peke yake. Hazikufungi, ila lete jirani aliyekuona ukipalilia na kuchuma, na aliyepokea malipo ya vibarua kutoka mkononi mwako. Jamani, "kila mtu kijijini anajua" si ushahidi mpaka mmoja wao asimame kizimbani aseme. Kabla ya yote, pitia baraza la usuluhishi la ndoa upate hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Bila hati hiyo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, ombi la talaka hutupwa hata kama madai ni ya kweli.

Kwa anayekwenda Mahakama ya Rufani kwa shauri la madai: taarifa ya kukata rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufaa apewe nakala ndani ya siku 14 baada ya hapo. Barua ya kuomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, nayo iandikwe ndani ya siku 30, na nakala yake apewe mjibu rufaa. Rufaa yenyewe ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu taarifa. Msajili hutoa cheti cha kuziondoa siku za kuandaa mwenendo katika hesabu ya hizo 60, lakini asiyempa mwenzake nakala ya barua hawezi kukitegemea. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo linahitaji pia hati ya Mahakama Kuu kuthibitisha kuwa kuna hoja ya kisheria.