Hitilafu za kimakanika katika amplifaya za redio za zamani

Amplifaya ya zamani inaponyamaza upande mmoja, neno la kwanza kutamkwa huwa ni kwamba transista, kile kipuri kidogo kinachokuza umeme wa sauti, imeungua. Mara nyingi transista haina kosa. Kilichoharibika ni mahali ambapo chuma hugusana na chuma kingine, au ambapo kitu huzunguka, huteleza, hubanwa na springi au hushikiliwa na skrubu. Hitilafu za namna hiyo ndizo huitwa za kimakanika: zinatokana na mwili wa kifaa kuchakaa, kulegea, kupasuka, kukauka, kupwaya au kufunikwa na uchafu. Kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme) iliyokauka ndani, au resista (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme) iliyobadilika thamani, ni jambo jingine. Hizo ni hitilafu za umeme.

Kuzitenganisha kuna faida kubwa, kwa sababu hitilafu ya kimakanika ina tabia inayoitambulisha: huja na kuondoka. Redio huimba ikigongwa ubavuni, hunyamaza ikipata joto, hurudi ukibonyeza swichi mara tatu. Transista iliyoungua haifanyi hivyo. Ukiiwasha leo au kesho, jibu lake ni lile lile.

Ninaposema za zamani nina maana ya redio za valvu, zile taa za kioo zilizokuza sauti kabla ya transista, za miaka ya 1930 hadi 1950, na zile stereo kubwa za transista zilizofuata miaka ya 1960 na 1970. Zote zina sifa moja inayoeleza kwa nini huharibika hivi. Katika vifaa vingi vya sasa, kitufe kinatuma amri tu, na saketi iliyo ndani ndiyo inayobadilisha sauti. Katika zile za zamani, sauti yenyewe, ingali ni umeme mdogo mno, inapita ndani ya swichi unayoishika. Kuanzia soketi ya nyuma hadi kwenye spika, sauti ya upande mmoja huvuka miguso mingi ya chuma kwa chuma, na mguso mmoja ukichafuka upande wote unapotea.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha usubiri. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 250 na zaidi, na kapasita kubwa za pawasapulai, sehemu inayoandaa umeme wa kifaa, hubaki na chaji hata waya ukiwa mkononi mwako. Pima kwa mita kwanza. Kama bado kuna volti, zimalize kwa resista, usizimalize kwa bisibisi.

Tuanze na volyumu, maana ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Ndani ya kile kijisanduku cha duara nyuma ya kirungu kuna utepe wa kaboni uliopinda kama kwato ya farasi, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Ukizungusha, kidole kinasogea na sauti inapanda. Kila mzunguko unakwangua kaboni kidogo, na vumbi lake linachanganyika na grisi ya kiwandani iliyokwisha kuganda. Kidole kikipita juu ya tope hilo kinainuka na kushuka, na sikio linasikia ule mkwaruzo unaojulikana na kila mtu. Angalia pia ni wapi pamechakaa zaidi: mwanzoni mwa utepe, kwa sababu wasikilizaji wengi hukaa kwenye sauti ya chini, na katika redio nyingi swichi ya kuwashia imeunganishwa na kirungu hicho hicho. Kila kuwasha na kila kuzima hupita pale pale.

Dawa ya kupulizia inayotengenezwa kwa ajili ya kusafisha miguso ya umeme husaidia, ukiipenyeza kwenye tundu la kijisanduku na kukizungusha kirungu mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Siyo kila kopo lenye mrija linafaa. Mafuta ya kulegezea kutu huacha utando unaokamata vumbi, na baada ya muda mfupi hali inakuwa mbaya kuliko awali. Tena utepe ukiwa umekwisha kulika hadi chini, hakuna dawa itakayorudisha kaboni. Volyumu hiyo ni ya kubadilishwa.

Hapa nataka kuonya kuhusu kosa ambalo limepoteza volyumu nyingi zilizokuwa nzima. Mkwaruzo unaweza kutoka kwenye umeme. Kapasita inayotangulia volyumu ikianza kuvujisha volti za moja kwa moja (DC, kama za betri), utepe utakwaruza hata ukiwa mpya, kwa sababu kidole kinapotembea kinazikata na kuziunga volti hizo. Pima kati ya ncha za volyumu huku redio ikiwaka. Ukikuta volti za moja kwa moja mahali ambapo mchoro wa saketi hauzionyeshi, iache volyumu na umtafute mhalifu nyuma yake.

Swichi za kuchagua kati ya redio, santuri na tepu zina ugonjwa unaofanana na huo. Miguso yake aghalabu imepakwa fedha, na fedha hugeuka nyeusi inapokutana na salfa iliyo hewani. Ule weusi ni salfaidi ya fedha, nao haupitishi umeme vizuri. Swichi isiyoguswa ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa inayotumiwa kila siku hujikwangua na kujisafisha. Ndiyo maana swichi ya tepu, ambayo siku hizi haibonyezwi na yeyote, ni kati ya sehemu za kwanza ninazozijaribu upande mmoja unapopotea. Sauti yote hupita ndani yake hata kama hakuna tepu iliyounganishwa. Ibonyeze na kuiachia mara kumi. Sauti ikirudi, umekwisha kumjua mgonjwa.

Rilei ya kulinda spika, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ni mguso mwingine, ila huu huchomwa pia na cheche. Ni ile inayotoa mlio wa “ta” sekunde chache baada ya kuwasha. Kazi yake ni kuzuia spika zisipokee mshindo wa kuwasha, na kuzikata endapo volti za moja kwa moja zitatokea kwenye njia ya kutoka. Miguso yake ikichafuka, dalili yake haifanani na nyingine: sauti ikiwa chini upande mmoja haupo, au uko kama mtu anayezungumza akiwa ameziba mdomo, lakini ukipandisha ghafla upande ule unafunguka na kubaki mzima hata ukirudisha chini. Umeme mkubwa umetoboa utando uliokuwa juu ya mguso. Kesho utando utarudi. Wapo wanaoisugua miguso hiyo kwa msasa. Siwaungi mkono, maana msasa unaondoa tabaka la juu ambalo ndilo liliwekwa makusudi, na kuacha mikwaruzo ambamo uchafu utajificha. Karatasi ngumu iliyoloweshwa spiriti, ikipitishwa taratibu katikati ya miguso, inatosha kwa uchafu mwepesi. Uliozidi hapo unadai rilei mpya.

Viungo vya lehemu vinastahili subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Amplifaya ikiwaka inapata joto na kila kitu kinatanuka, ikizimwa kinasinyaa, lakini vitu havitanuki kwa kipimo kimoja. Kwa kila nyuzi ya selsiasi inayoongezeka, alumini hutanuka takriban sehemu 23 katika milioni na shaba 17. Bodi ya saketi nayo ina kipimo chake. Lehemu, ambayo ni laini, imekaa katikati na kuvutwa huku na huku, kila siku, kwa miaka hamsini. Mwishowe inapasuka kwa duara kuzunguka mguu wa kipuri. Ufa huo ni mwembamba kama unywele na hauonekani ukitazama kwa haraka. Chukua kioo cha kukuzia na taa ya pembeni, kisha utazame kwanza miguu ya vitu vizito na vitu vya moto: resista kubwa, transista za nguvu, rilei, na soketi zilizolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, ambazo hutikiswa kila waya unapochomekwa. Bodi nyingi za zama zile zina shaba upande mmoja tu, hivyo mguu unashikwa na tone moja la lehemu upande wa chini, hakuna bomba la shaba ndani ya tundu la kuusaidia.

Usiongezee lehemu mpya juu ya ile iliyopasuka. Inyonye ya zamani, safisha, kisha ulehemu upya. Mchanganyiko wa bati 60 na risasi 40 uliotumika sana katika vifaa hivyo huyeyuka karibu na nyuzi 183 hadi 190, na ukitia lehemu ya kisasa isiyo na risasi juu yake utapata kiungo cha mchanganyiko usiotabirika. Angalia vilevile gundi ya kahawia iliyotumika kushikilia kapasita kubwa. Aina fulani za gundi hiyo zikizeeka hubadilika rangi, hula miguu ya shaba, na zinaweza hata kupitisha umeme. Ikwangue yote.

Transista za nguvu zimefungwa kwenye bati la kupozea kwa skrubu, katikati pakiwa na karatasi ya ulanga (maika), inayozuia umeme, iliyopakwa mafuta meupe ya kupitisha joto. Mafuta hayo hukauka yakawa kama chokaa, na joto linakosa njia. Zile transista za umbo la yai zenye mwili wa chuma zina jambo la ziada: mwili wenyewe ndiyo kolekta, mojawapo ya ncha tatu za transista, na mara nyingi skrubu ndizo zinazopeleka umeme kwake. Skrubu ikilegea, unapoteza upoozaji na mguso wa umeme kwa pamoja. Ukizikaza, fanya hivyo kwa kiasi, kwani ulanga huchanika, na ukichanika kolekta itagusana na chasisi, ile fremu ya chuma ya kifaa.

Kwa upande wa valvu, tatizo liko kwenye soketi. Vishikio vyake ni springi ndogo zilizopashwa moto miaka mingi hadi zikapoteza nguvu za kubana. Valvu inakaa mahali pake, inaonekana sawa, lakini inapwaya. Ichomoe na kuichomeka mara kadhaa na redio ikiwa imezimwa na kupoa, na vishikio vilivyolegea uvibane polepole kwa sindano. Valvu yenyewe nayo ni mashine. Ndani ya chupa kuna nyaya nyembamba zilizotundikwa kwenye karatasi za ulanga, na zikilegea valvu hugeuka maikrofoni: ukiigonga kwa kidole, spika inalia kama kengele. Hiyo haitengenezeki.

Sehemu ya kusaka stesheni haikuzi sauti, lakini imo ndani ya sanduku hilo hilo na huangusha redio nyingi. Uzi unaovuta sindano ya kuonyesha stesheni huzungushwa kwenye gurudumu na kapi ndogo, ukikazwa na springi. Uzi hukatika au kulegea, kapi hukauka, kirungu kinazunguka bila sindano kusogea. Kuufunga upya ni kazi ya uvumilivu, na bila mchoro wa njia ya uzi utaufunga kinyume, sindano iende kulia wakati stesheni zinakwenda kushoto. Kondensa inayozunguka, ile kapasita inayochagua stesheni, ina sahani za chuma zinazopishana bila kugusana. Moja ikipinda, utasikia mkwaruzo sehemu moja tu ya masafa, kila mara pale pale. Mkwaruzo ukienea masafa yote, tazama vile vidole vya springi vinavyouunga mhimili na chasisi. Grisi iliyoganda chini yake ndiyo sababu.

Kuna magonjwa ya uzee ambayo hayahitaji maneno mengi. Nyaya zenye ganda la mpira za miaka ya 1930 hadi 1950 humomonyoka zikishikwa na kuacha shaba wazi. Springi za kishikio cha fyuzi hulegea zikapata moto. Vipande vya aloi ya zinki vya zama za kabla ya vita vya pili hupasuka vyenyewe ikiwa aloi ilichanganyika na risasi au bati, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa kiwanda.

Kisa cha transista za germaniamu za AF114 hadi AF117, zilizotengenezwa na kampuni ya Mullard ya Uingereza, kinanivutia kuliko vyote. Ndani ya kopo lake la chuma huota nywele za bati, nyembamba mno, zinazokua zenyewe taratibu hadi zinagusa kiini cha transista na kukiunganisha na kopo. Hakuna kilichoungua. Mafundi hukata mguu wa nne, ule uliounganishwa na kopo, na redio huimba tena kwa muda.

Ukisikia mvumo kwenye amplifaya ya transista, zima kisha uchomoe spika, halafu uwashe tena na kutega sikio kwenye sanduku. Kama mvumo bado upo, unatoka kwenye transfoma ya umeme: mabati yake yamelegea na yanatetemeka mara 100 kwa sekunde pale umeme ulipo wa hezi 50, na mara 120 pale ulipo wa hezi 60. Kaza bolti zake umeme ukiwa umechomolewa. Mvumo ukiwa kwenye spika peke yake, mara nyingi hiyo ni kazi ya kapasita za pawasapulai.

Mwishowe, kipimo kinachofaa kwa karibu yote haya ni kijiti kikavu cha mti. Redio ikiwaka, mkono mmoja ukiwa mfukoni, gonga kwa ncha ya kijiti kipuri kimoja baada ya kingine, bila nguvu, ukisikiliza. Kiungo kilichopasuka kitajibu. Ukiisha kugonga bodi nzima, ukasukuma kila waya, ukabonyeza kila swichi, na sauti haikubadilika hata kidogo, basi weka kijiti chini na uchukue mita, kwa sababu unachokitafuta si cha kimakanika.