Kuchomelea bati juu ya kutu hakuiui kutu

Katika makundi ya simu hapa Dodoma hurudi tena na tena ujumbe usemao kwamba gari kuukuu lililoliwa na kutu halihitaji kukatwa: lichomelee bati jipya juu yake, joto litaiua kutu, na kwa ukavu wa hewa yetu haitarudi.

Joto hilo haliondoi kutu. Huunguza rangi iliyokuwa ikilinda chuma upande wa ndani, na kati ya mabati mawili hubaki mwanya unaotunza tope na maji ya mvua. Sehemu iliyooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima, kiraka kikachomelewa ukingo kwa ukingo, kisha ndani na nje pakapakwa rangi ya kuzuia kutu.

Kuhakiki ni rahisi. Funga sumaku kwa kitambaa, uipitishe chini ya mlango. Ikilegea ghafla, huenda hapo pana pati nene, yaani kijazio cha kuziba na kusawazisha bodi kabla ya rangi. Kisha inama, uguse upande wa chini kwa ncha ya bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hubonyea na kumwaga unga mwekundu.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kiraka hupendeza miezi ya mwanzo (na kutu inapojitokeza tena, pengine gari limeshauzwa). Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwa anayetaka kujaribu mwenyewe nyumbani, kwani karibu na tangi la petroli cheche moja inatosha.