RPG ya aksheni ni nini? Maana yake kupitia Dragon Ball Xenoverse 2

Mwanzoni kabisa mwa Dragon Ball Z, anime iliyoanza kurushwa Japani mwaka 1989, Raditz, mvamizi kutoka anga za mbali, anatua duniani na kukutana na mkulima aliyeshika bunduki. Hamuulizi jina. Anampima kwa kifaa alichovaa jichoni, kifaa kinamsomea nguvu za yule bwana: 5. Mazungumzo yameishia hapo. Baadaye sana, kwenye sayari ya Namek, Frieza, adui mkuu wa sehemu hiyo, anajitapa kwamba nguvu zake ni 530,000, na mtazamaji anashika kichwa bila kufafanuliwa lolote, kwa sababu tangu siku ya yule mkulima ameshazoeshwa kuhesabu.

Anayeielewa namba ile ya jichoni ameshaelewa nusu ya maana ya RPG, yaani role-playing game. Hii ni aina ya gemu ambayo mchezaji anavaa uhusika wa mtu fulani, na uwezo wa mtu huyo umeandikwa kwa namba: uhai, nguvu za ngumi, ulinzi, nguvu za makombora. Ukimpiga adui unalipwa pointi za uzoefu. Pointi zikitimia unapanda levo, na ukipanda levo zile namba zinaongezeka. Bosi aliyekutoa roho jana kwa mapigo matatu, leo unamrudia ukiwa umepanda levo 10 na ngumi zake zile zile zinakupunguzia uhai kidogo tu. Vidole vyako huenda ni vya jana. Aliyekua ni mhusika wako, na gemu imeyaandika makuzi yake ikayahifadhi.

Neno kuhifadhi ndilo la kushika. Kwenye gemu ya mpira au ya ngumi kila mechi inaanza upya: mna uhai sawa, saa inaanza kuhesabu, anayeshinda anabaki na pedi na anayeshindwa anampisha mwenzake. Ndiyo maana gemu hizo zimetawala vibanda vyetu vya PlayStation, ambako mtu analipia mechi au muda. RPG pale haifai hata kidogo. Utapanda levo Jumamosi nzima, halafu Jumapili ukute kuna dogo ameanza gemu mpya juu ya faili lako, na huna pa kushitaki. RPG inataka memori kadi yako, akaunti yako, na nafasi ya kurudi pale pale ulipoachia.

Sasa hiyo "aksheni" inaongeza nini? RPG za Japani zilizojenga jina zilikuwa za zamu. Mfano wake mkubwa ni Dragon Quest ya mwaka 1986, ambayo wahusika wake walichorwa na Akira Toriyama, huyu huyu aliyeitunga Dragon Ball. Katika Dragon Quest unachagua amri kwenye orodha: piga, tumia uchawi, kimbia. Unapiga, kisha unasubiri adui naye apige. Unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi ukamkuta adui anakungoja kwa adabu zote. RPG ya aksheni imeiondoa hiyo adabu. Unatembea, unaruka, unakwepa na kupiga papo hapo kwa vidole vyako, na ukizubaa unakula kichapo. Wajapani walikuwa wakilijaribu hilo tangu mwaka 1984, katika gemu kama Dragon Slayer na Hydlide, kabla hata Dragon Quest haijatoka.

Kwa hiyo RPG ya aksheni inapima mambo mawili kwa mpigo, wepesi wa vidole na ukubwa wa namba, na ugumu wa kuitengeneza upo katika kuviweka viwili hivyo kwenye mizani. Namba zikizidi, mtu mwenye levo kubwa anashinda huku anasinzia. Vidole vikizidi, levo inakuwa pambo tu, na mtu anajiuliza alihangaikia nini.

Anime za mapigano zinaonekana zimezaliwa kwa ajili ya mtindo huu: mhusika anaanza mnyonge, anafanya mazoezi, anapigwa, anarudi na nguvu mpya. Hata hivyo gemu nyingi za anime zimebaki kuwa za ngumi tupu, mmoja kwa mmoja. Wengi wetu tulimjua Goku, shujaa mkuu wa Dragon Ball, kwa njia hiyo, kwenye PS2 au kwenye simu kupitia PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP, tukirushiana lile kombora lake la Kamehameha bila kujali nani ni baba wa nani. Kwenye gemu ya ngumi Krillin, rafiki wa Goku aliye mnyonge mbele ya Frieza, anaweza kumtandika Frieza na hakuna anayeuliza imewezekanaje. RPG inalazimika kujibu swali hilo. Ikikwambia levo yako ni 40, imekuahidi kwamba 40 ina maana, na shabiki anayeijua hadithi kwa moyo atakuja kukagua ahadi hiyo.

Toleo la pili la RPG ya namna hii linakuja na tatizo jingine, nalo ni zito zaidi. Mwisho wa toleo la kwanza shujaa wako yuko kileleni. Ukimwacha kileleni, toleo la pili halina pa kupanda. Ukimrudisha chini, umemdhulumu mchezaji na umeivunja hadithi, kwa sababu katika anime za aina hii nguvu hazirudi nyuma: Goku aliyemshinda Frieza hawezi kuamka kesho akapigwa na mbwa mwitu.

Nimewataja mbwa mwitu kwa makusudi. Mwaka 2002 ilitoka Dragon Ball Z: The Legacy of Goku, RPG ya aksheni ya Game Boy Advance iliyotengenezwa na kampuni ya Kimarekani, Webfoot Technologies. Unacheza Goku tu, tangu ujio wa Raditz hadi kuanguka kwa Frieza, na mwanzoni mwake shujaa wa dunia anaweza kabisa kuuawa na mbwa mwitu wa porini. Mashabiki walikereka, na walikuwa na haki. Mwaka uliofuata ikaja The Legacy of Goku II, na hapo Webfoot wakaonyesha wamejifunza. Hadithi ilisogea mbele, kuanzia ujio wa Trunks, kijana aliyetoka wakati ujao, hadi mashindano ya adui aitwaye Cell, na badala ya kumng'ang'ania Goku peke yake wakakupa Gohan, Piccolo, Vegeta na Trunks, kila mmoja na levo zake. Goku mwenyewe unampata baadaye. Wakaweka pia milango yenye nembo ya mhusika na namba ya levo: mlango wa Piccolo anaufungua Piccolo peke yake, tena akiwa ameshafikia levo iliyoandikwa. Kwa mtoto aliyeshika Game Boy, namba ilipata kazi ya kuonekana kwa macho. Huwezi kupita leo, kapande kwanza, kisha urudi. Mimi nasema hiyo ndiyo njia ya zamani na ya haki ya kufanya toleo la pili: fuata anime inakoelekea, na mzigo wa kupanda levo wagawie wahusika wapya.

Njia hiyo ina mwisho wake, kwa sababu anime nayo ina mwisho. Toleo la tatu la Webfoot, Buu's Fury la mwaka 2004, liliimaliza Dragon Ball Z yote. Baada ya hapo ungesimulia nini?

Dragon Ball Xenoverse, kazi ya studio ya Dimps chini ya Bandai Namco, ilitoka mwaka 2015 na jibu la ujanja: usicheze Goku kabisa. Unatengeneza mtu wako. Unachagua kabila kati ya matano, yaani Saiyan (kabila la Goku), binadamu, Majin (kabila la adui Buu), Mnamek au jamii ya Frieza, unampa sura, sauti na jina, kisha anaajiriwa kuwa askari wa doria ya wakati chini ya Trunks. Watu wabaya wanaivuruga historia kwa kuwapa maadui nguvu ambazo kwenye anime hawakuwa nazo, na wewe unatumwa kwenye tukio lile lile unalolikumbuka ili limalizike kama lilivyomalizika. Katika anime, Goku anamshika Raditz kwa nyuma na Piccolo anawatoboa wote wawili kwa mwale mmoja. Katika gemu wewe uko pale pembeni, na kazi yako ni kuhakikisha wanakufa wote wawili kama ilivyoandikwa. Ukiliwazia sana jambo hilo linachekesha: umetoka mbali kuja kumsaidia Goku afe vizuri.

Ujanja huo unalitibu tatizo la namba. Goku anabaki na ukubwa wake, na anayeanza levo ya 1 ni askari mgeni ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwenye anime, kwa hiyo hakuna shabiki wa kulalamika. Krillin akikushinda siku ya kwanza ni sawa tu, ndiyo kwanza umefika.

Xenoverse 2 ilipotoka Oktoba 2016 ilikutana na lile tatizo la kilele uso kwa uso. Mtu uliyemlea mwaka mzima katika toleo la kwanza unampeleka wapi? Dimps walimfanya sanamu. Mji mpya, Conton City, una sanamu ya shujaa aliyeuokoa mji wa zamani, na kama faili lako la kwanza bado unalo, sanamu ile inachukua sura ya mtu wako mwenyewe. Anaitwa shujaa, anatajwa kwa heshima, na wewe unaanza na mwajiriwa mwingine kutoka levo ya 1. Aliyekuwa kileleni amebaki kileleni, na ngazi imeanza upya kwa mwingine. Katika matoleo ya pili niliyocheza, sijaona njia safi kuliko hii ya kumvua mtu nguvu bila kumtukana.

Ndani ya mapigano, sehemu ya RPG iko kwenye kugawa pointi. Kila ukipanda levo unapewa pointi za kuweka kwenye vipengele sita: uhai, ki (nishati ya kurushia mbinu kubwa), pumzi, mapigo ya kawaida, mbinu kubwa za ngumi, na mbinu kubwa za makombora. Hazitoshi kujaza vyote, na hapo ndipo mtu anapoonyesha ana akili gani. Ukimwaga zote kwenye makombora unakuwa mtu wa kusimama mbali na kufyatua. Adui akikukaribia huna la kumfanya. Kabila nalo lina uzito wake: Saiyan anapiga sana ila uhai wake ni mdogo, Majin ni mgumu kuumizwa lakini pumzi inamrudi polepole. Wawili wa levo 80 wanaweza kuwa watu tofauti kabisa uwanjani.

Hata nguo zina namba. Suti ya mazoezi ya Goku inaongeza hiki na kupunguza kile, na mwanzoni wachezaji wengi hutembea mjini kama vituko, kofia ya huyu na viatu vya yule, wakifukuza pointi. Baadaye utakutana na kitu kinachoitwa QQ Bang. Unachanganya nguo mbili dukani, linatoka donge lenye namba zake, ukilivaa namba za nguo zako zote zinafutika na zinabaki za lile donge. Kuanzia hapo unavaa upendavyo. Ni dawa ya ajabu, lakini inafanya kazi.

Aksheni nayo ipo ya kutosha. Kuna kukwepa kwa kutokea nyuma ya adui, kunakokula pumzi, na pumzi ikiisha unabaki umesimama wazi kama mlango. Mwenye levo kubwa asiyejua kuitunza pumzi anaweza kuaibishwa mtandaoni na mtu wa levo ndogo. Mizani haijalala upande mmoja, angalau mnapopigana binadamu kwa binadamu. Dhidi ya kompyuta hali ni nyingine: wenzako wanaoongozwa na gemu mara nyingi wanashangaa shangaa, na unajikuta unabeba kazi ya watu watatu.

Lawama yangu kubwa ni hadithi. Toleo la pili linakurudisha kwa Raditz yule yule, Frieza yule yule, Cell yule yule, matukio ambayo toleo la kwanza lilikuwa limeshayarekebisha. Wamenyunyiza wabaya wa filamu, kina Turles na Slug, ili wali wa jana uonekane wa leo. Aliyecheza toleo la kwanza anayajua yote na anabonyeza kuruka mazungumzo.

Bado watu hawakuondoka, na sababu inarudi kwenye zile namba zinazohifadhiwa. Badala ya kukimbilia toleo jingine, Bandai Namco waliendelea kuiongezea hii hii: ikaenda Nintendo Switch mwaka 2017, ikaletewa wahusika na misheni mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2024 ikatolewa kwa PlayStation 5 na Xbox mpya. Levo ya mwisho ilikuwa 80 siku ya kwanza. Ikasogezwa hadi 99, kisha ikavuka 100. Kila waliposogeza dari, askari aliyekuwa amefika mwisho alipata tena pa kupanda, akiwa na jina lile lile na faili lile lile, na safari hii hakuna aliyehitaji kugeuzwa sanamu.