Mlonge haulali kwa niaba yako

Wiki hii huyu ni wa nne kuja kupima mbegu za kiume akiamini unga wa kopo unafidia usingizi. Ni mlinzi, anaingia lindo saa kumi na mbili jioni, asubuhi akitoka anapanda bodaboda kusaka abiria mpaka mchana. Analala masaa matatu, manne akibahatika. Ameoa miaka miwili, mtoto hakuna, mke keshapimwa mara tatu (mke ndiye hutangulizwa siku zote, hilo nitaligombea siku nyingine). Nilipomwuliza habari za usingizi akacheka, akatoa kopo kwenye mkoba: mlonge, tangawizi, mdalasini na mbegu za maboga, vimesagwa pamoja. "Dokta, usingizi nimeshaufidia. Hii ina antioksidanti," yaani vile vitu vinavyozuia oksijeni isiharibu mwili. Akaomba nimpime tena baada ya wiki mbili.

Kwanza mimi si daktari. Ni mtu wa maabara hapa Moshi, nahesabu mbegu chini ya hadubini. Pili, wiki mbili! Mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa, halafu bado ipite kwenye epididimisi, mrija ulio nyuma ya korodani, ikomae. Shahawa unayoniletea leo inasimulia mambo ya miezi mitatu nyuma. Na waliofuata mihogo mibichi, nazi na karanga wasome kwingine. Jogoo kupanda mtungi na mbegu kuwa nzima ni mambo mawili.

Kwamba kukesha kunaharibu, sibishi. Testosteroni, homoni ya kiume, nyingi hutoka mtu akiwa amelala. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwapa vijana 10 wenye afya masaa matano tu ya kulala kwa usiku, wiki nzima, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Huko Denmark, mwaka 2013, kati ya vijana 953, wenye usingizi mbovu zaidi walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 29. Ila hao wa Denmark waliulizwa tu wanalalaje. Asiyelala mara nyingi ndiye huyohuyo anayevuta sigara, anayekunywa, mwenye mawazo. Hesabu hujaribu kuyatenganisha hayo, na hayatengani yote.

Sasa kopo. Habari kwamba antioksidanti hurudisha kilicholiwa na mkesha imetoka hasa kwa panya. Anawekwa juu ya kijukwaa chembamba katikati ya maji. Usingizi ukikolea misuli inalegea, anatumbukia, anaamka. Siku tatu, siku nne, ni hivyohivyo. Mbegu zinaharibika, na wenzake waliopewa dondoo ya mmea fulani wanaonekana afadhali. Haya. Lakini huyo panya kaumizwa na kukosa usingizi au na kuogopa maji? Homoni za hofu peke yake zinatosha kuishusha testosteroni. Tena siku nne hazifiki hata robo ya muda ambao panya hutengeneza mbegu. Na dondoo yake ilipimwa kwa uzito wa mwili. Wewe una kijiko cha chai.

Linaloniudhi zaidi ni hili la "kadiri unavyokunywa ndivyo zinavyosafika". Mbegu si sufuria. Ni kweli ganda lake limejaa mafuta yanayoharibiwa upesi na oksijeni yenye fujo, na ndani haina nafasi ya kubeba walinzi wengi wa kuizuia. Lakini oksijeni hiyohiyo, ikiwa kidogo, ndiyo huiamsha mbegu iweze kuliingia yai. Ni chumvi kwenye mtori: ikizidi hauliki, isipowekwa hauliki. Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 2020, wanandoa 2,370 walifuatiliwa, nusu ya wanaume wakimeza zinki na asidi foliki miezi sita. Watoto hawakuongezeka, matumbo yalisumbua, na DNA ya mbegu ilikatika kidogo zaidi kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Vidonge hivyo, si mlonge. Lakini zinki ndiyo hiyo inayosifiwa kwenye mbegu za maboga.

"Mbona rafiki yangu alikunywa, hesabu ya mbegu ikapanda kutoka milioni 9 hadi 20?" Hapa lazima nijitie kitanzi mwenyewe. Karatasi ya majibu ninayokupa haitulii kiasi hicho. Mwanaume mmoja, bila kunywa chochote, hesabu yake inaweza kuongezeka maradufu kati ya sampuli mbili: ametofautisha siku za kukaa bila tendo, aliugua homa miezi miwili nyuma, au amemwaga tone la kwanza nje ya kichupa, nalo ndilo lenye mbegu nyingi. Hata ile milioni 16 kwa mililita, mpaka wa chini wa Shirika la Afya Duniani, si ukuta. Asilimia 5 ya wanaume waliowapa wake zao mimba ndani ya mwaka walikuwa chini yake. Hayo siyasemi sana dirishani, maana mtu kalipia anataka ndiyo au hapana.

Nilimwambia aache bodaboda miezi mitatu, mchana alale. Akaniuliza, "Na kodi ya nyumba, dokta?" Nikakosa la kusema. Mwishowe tumekubaliana pikipiki ampe deiwaka siku nne za wiki, kisha arudi tupime sampuli mbili. Kopo kaondoka nalo. Kalinunua elfu ishirini na tano. Hata mimi nisingelitupa.